Nani Aliyewaita Warumi?

Mwaka 265 K.K. wakubwa wa mji wa Volsinii walituma wajumbe Roma, kwa siri, kuomba jeshi. Mji wenyewe ulikuwa wa Waetruski, watu wa Italia ya kati waliokuwa wakifanya biashara na Wagiriki na Wafoinike enzi ambazo Roma haijaanza kuogopwa na mtu. Adui waliyemshtaki hakuwa mgeni, bali watumwa wao waliowaacha huru. Walikuwa wamewapa silaha, wakawaachia na vyeo. Kufumba na kufumbua watumwa wakashika serikali na kuoa mabinti wa mabwana. Roma ikaja, ikauzingira mji, na mwaka uliofuata ikaubomoa. Waliosalia wakahamishiwa kando ya ziwa Bolsena. Sanamu 2,000 za shaba zilibebwa, na mwandishi mmoja wa Kigiriki alidhihaki kwamba hizo ndizo Roma iliyokuwa imezifuata.

Kisa hiki kinawatia taabu wote wanaobishana juu ya mwisho wa Waetruski.

Wanaosema waliangamizwa huanzia Veii, mji uliokuwa kilomita 16 hivi kutoka Roma. Ulianguka mwaka 396 K.K. mikononi mwa Camillus, jemadari wa Roma, baada ya kuzingirwa miaka kumi kama Troya, mji wa hadithi za Wagiriki (nami hesabu inayolingana na hadithi vizuri hivyo huitilia shaka). Watu wakauzwa utumwani, ardhi wakagawiwa raia wa Roma, hata mungu wa kike wa mji akahamishiwa kilima cha Aventine huko Roma. Lugha nayo ikafa. Herufi za Kietruski tunazisoma bila taabu, lakini maana ya maneno ndiyo inayotuponyoka. Andiko refu kuliko yote, lenye maneno kama 1,200 yanayosomeka, limesalia kwa sababu kitambaa chake kilichanwa vipande kufungia maiti huko Misri. Sasa liko Zagreb. Kaizari Claudius wa Roma aliandika vitabu 20 kuhusu historia yao. Hakuna hata kimoja kilichobaki.

Upande wa pili nao una hoja. Wagalia walipoiteka Roma, makuhani wa kike wa Vesta, mungu wa moto wa nyumbani, walikimbilia Caere, mji wa Waetruski, wakahifadhiwa. Mwaka 205 K.K. Scipio, jemadari wa Roma, alipojiandaa kuivamia Karthago, adui mkubwa wa Roma huko Afrika Kaskazini, mji wa Waetruski wa Arezzo ulimchangia ngao 3,000, kofia za vita idadi hiyohiyo, na mikuki chungu nzima. Uraia wa Roma Waetruski walianza kuupata mwaka 90 K.K. Waaguzi wao wa kusoma maini ya wanyama waliendelea kuulizwa na Seneti, baraza kuu la Roma, kila radi ilipopiga pabaya. Huko ni kumezwa, wanasema, si kuuawa.

Mimi nauliza: nani alimezwa? Arezzo, mwaka 302 K.K., watu wa chini waliwainukia ukoo tajiri wa Cilnii. Roma ikaingilia, na Cilnii wakabaki na mali yao. Karne tatu baadaye Maecenas, rafiki wa Kaizari Augustus na mfadhili wa washairi, alihesabiwa kuwa wa damu hiyohiyo. Kwa familia kama hiyo Roma ilikuwa bima. Kwa aliyeuzwa Veii, au mtumwa wa Volsinii aliyeonja utawala kwa muda mfupi, neno "kumezwa" ni tusi.

Pana tahadhari moja, tena si ndogo. Habari za Volsinii na Arezzo tumezipata kwa waandishi waliokulia ndani ya dola ya Roma, na mvamizi gani asiyependa kusema alialikwa? Hata hivyo sidhani yote ni ya kutunga. Koo zilizodaiwa kusaidiwa ndizo tunazozikuta baadaye zikiwa na majina makubwa.

Karibu na Perugia kuna kaburi la ukoo wa Velimna, limechimbwa kwenye mwamba kama nyumba yenye vyumba. Visanduku vya majivu vya zamani vina Kietruski peke yake. Kimoja cha mwishomwisho ni cha marumaru, chenye lugha mbili. Kwa Kietruski marehemu ni Pup Velimna. Kwa Kilatini amekuwa Publius Volumnius. Mrumi alitosheka kumtaja baba. Huyu, katika Kilatini hichohicho, ameongeza kwamba mama yake alikuwa Cafatia, kama walivyoandika wazee wake.