Mawe ya figo: holmiamu haijapitwa na wakati

Mgonjwa wa mawe ya figo akishasoma kidogo kuhusu leza, mwanga mkali unaovunja mawe hayo, huja kwa daktari na swali moja: mna thuliamu, ile leza mpya? Akijibiwa kwamba hapa tunatumia holmiamu, leza iliyoitangulia, hunywea, kana kwamba ameambiwa atatibiwa kwa chombo cha zamani.

Thuliamu ina sifa za kweli. Mwanga wake wa nanomita 1940 hufyonzwa na maji takribani mara nne kuliko ule wa holmiamu, ulio karibu na 2100. Jiwe husagika likawa vumbi laini bila kurukaruka sana. Uzi unaopitisha mwanga wake unaweza kuwa mwembamba hadi mikromita 150, kwa hiyo kamera inayoingizwa pamoja nao hujikunja kwa urahisi kufuata mawe yaliyojificha sehemu ya chini ndani ya figo.

Takwimu inayonukuliwa kila mahali, hata hivyo, ni ya jaribio la Norwei lililochapishwa mwaka 2022: miezi 3 baada ya matibabu, asilimia 92 ya waliopata thuliamu hawakuwa na mawe, dhidi ya 67 wa holmiamu. Pengo hilo ni kubwa, na kwa jiwe lililo ndani ya figo lazima lipewe uzito, maana huko matokeo yalikuwa 86 kwa 49. Lakini tazama ureta, ule mrija unaoshusha mkojo kwenye kibofu: 100 kwa 100. Hakuna tofauti hata ya mgonjwa mmoja! Tena holmiamu iliyoshindanishwa ilikuwa ya wati 30, isiyo na mapigo ya mwanga yaliyoboreshwa. Jaribio la Marekani la mwaka 2023 lilipoweka thuliamu dhidi ya holmiamu yenye nguvu na mapigo hayo, muda wa upasuaji haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kusema "holmiamu imeshindwa" bila kusema ni holmiamu ipi ni kumpotosha mgonjwa.

Kuhusu joto, zote mbili zinaweza kuchemsha maji ndani ya figo wati zikipanda. Kinachomlinda mgonjwa ni mtiririko mzuri wa maji na daktari anayejua wakati wa kuachia kanyagio linalowasha leza.

Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu mwenye jiwe la ureta ameahirisha tiba akisubiri thuliamu. Mkojo umeziba, figo inavimba, na faida anayoisubiri haikuonekana katika jaribio lilelile lililomfanya asubiri.