Uwanja mweupe si usafi

Huku kwetu Mtwara, uwanja ukiota majani watu husema nyumba hiyo haina mwenyewe. Alfajiri chelewa zinakwangua mchanga kuanzia Shangani hadi Chikongola, na mfagiaji hatulii mpaka aone mistari imenyooka. Mimi naona tunafagia udongo wetu tukidhani tunafagia taka.

Mvua za kusini ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Zinakuta uwanja mtupu. Maji hayana cha kuyazuia, yanakimbia na kuchimba chini ya baraza hadi msingi unachungulia. Mwenye nyumba ananunua lori la kifusi, anasambaza, kesho yake kinafagiliwa nacho.

Chini ya mikorosho kusafisha kuna maana, maana korosho huokotwa chini. Lakini dirishani kwako unaokota nini? Na mji huu, uliopata bandari yake kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ulipaswa kujua mapema: kule Kongwa, Dodoma, matrekta ya mradi huohuo yalifyeka vichaka, udongo ukabaki wazi, jua likaukausha ukawa mgumu hata karanga kuzing'oa ikawa taabu.

Ninachokitetea kipo ufukweni, bure: mlakasa. Ni ule mmea unaotambaa juu ya mchanga, jani lake limegawanyika nchani kama ukwato wa mbuzi, ua la zambarau linachanua asubuhi. Wataalamu huuita Ipomoea pes-caprae. Ni wa jamii ya viazi vitamu, kwa hiyo aliyewahi kupanda matembele hana jipya la kujifunza. Kata kipande chenye pingili nne au tano, punguza majani, fukia pingili mbili mvua zinapoanza, mwagilia mpaka kishike. Baada ya hapo kila pingili inayogusa mchanga hutoa mizizi yake. Chumvi haiusumbui, upepo wa kusi hauusumbui, na hubaki kijani wakati mengine yamekauka. Unataka jua tu. Chini ya mwembe usijisumbue. Na ufukweni kata, using'oe: mchanga wa pale unashikiliwa na mizizi hiyohiyo.

Wengine wananunua nyasi za kapeti. Sawa, kama una maji ya kumwagilia kiangazi chote. Mimi maji ya namna hiyo ningepelekea mchicha.

Vitaluni utauziwa pia mmea mwingine unaotambaa, wa maua ya njano, Sphagneticola trilobata. Unapendeza kweli, na unafunika haraka. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ukiruka mtaroni umeshaingia kwa jirani. Siupandi.

Wapo wanaosema majani uwanjani huficha nyoka, na hoja hiyo naikubali. Kwa hiyo hatua tatu kuzunguka kuta na njia ya mlangoni ziachwe wazi, pamoja na pa kuanika mihogo na pa watoto kucheza. Mlakasa ukikaribia, ukate, haununi. Mahali pa kuanzia ni kule kwenye mteremko wa uwanja, maji ya bati yanapotokea kwenda barabarani. Ukipanda Desemba hii, mvua za Machi zitakukuta umeshaanza kufunika.