Sikio la Kushoto Bendi Yake, la Kulia Bendi Yake

Ugomvi unaanzia kwenye neno lenyewe. Ukitamka mbele za watu kwamba unasikiliza jazi, kila aliyevuka miaka hamsini anatabasamu na kuvuta kiti. Kwake jazi ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ni Tabora Jazz, ni OK Jazz ya Franco, ni Shirati Jazz ya kule Ziwani. Magitaa yanajibizana, kiuno kinakumbuka, soda inaagizwa. "Haya, tuwekee basi na sisi." Mwenye akili hapo anasingizia simu haina chaji. Maana ukiweka kile unachokisikiliza kweli, jazi huria, jazi ya avangadi, ile ambayo wapigaji wanabuni papo hapo bila kufungwa na tuni, dakika ya pili mzee anauliza: hawa ndio wanajaribu vyombo, au wimbo umeshaanza? Na swali lake si la kijinga hata kidogo. Wapo walionunua tiketi wakabaki nalo mpaka taa zikawashwa.

Tuje kwenye matoleo mapya, maana huko ndiko kwenye malalamiko. Katika biashara hii neno "jipya" lina maana yake ya peke yake. Julai 2023 lilitoka toleo jipya la mpiga saksafoni John Coltrane, Evenings at the Village Gate. Coltrane alifariki Julai 1967. Muziki wenyewe ulinaswa Agosti 1961 na fundi wa sauti Rich Alderson, aliyekuwa akijaribu mitambo ya ukumbi kwa maikrofoni moja tu, kisha mkanda ukapotelea kwenye maktaba ya umma ya New York. Maikrofoni moja haijui kugawa haki. Mwenye kishindo ndiye anayesikika: ngoma za Elvin Jones ziko sebuleni kwako, piano ya McCoy Tyner iko kwa jirani. Mtu anapandisha besi kwenye spika akidhani ataokoa jahazi. Anachopandisha ni mvumo wa ukumbi. Iache kama ilivyo, punguza besi kidogo ikibidi, uisubiri "Africa", dakika 22, mpulizaji mwenzake Eric Dolphy naye yumo. Hapo hata mlalamishi ananyamaza.

Mwaka uliofuata tukaletewa jipya jingine: Alice Coltrane, mjane wa John, ukumbini Carnegie Hall. Limerekodiwa Februari 1971, limetoka 2024. Wapiga besi wawili, wapiga ngoma wawili, Pharoah Sanders na Archie Shepp kwenye saksafoni. Miaka 53 kabatini! Kijana wa leo anayetoa albamu yake ya kwanza anashindana na marehemu walio kwenye ubora wao, tena marehemu hawachelewi mazoezini.

Ukitafuta aliye hai nako hupati pumziko. Mpiga saksafoni Marshall Allen alizaliwa Mei 1924. Mwaka 1958 aliingia kwenye Arkestra, bendi ya Sun Ra, bwana aliyezaliwa Alabama akadai katokea sayari ya Zohali, na tangu 1995 Allen akawa ndiye kiongozi wake. Mei 2024 Allen akatimiza miaka 100. Februari 2025 ikatoka New Dawn, albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Ya kwanza! Na sisi wa miaka arobaini tunaomba kukaa kwenye basi kwa sababu ya goti.

Halafu kuna vifaa. Huu si muziki wa kusikiliza kwa kifaa chochote kilichopo, na hilo ndilo linalotia watu hasara kimyakimya. Chukua Free Jazz ya Ornette Coleman, iliyorekodiwa Desemba 21, 1960. Mle kuna bendi mbili zinazopiga kwa pamoja dakika 37. Kushoto yupo Coleman na saksafoni, Don Cherry na kitarumbeta chake cha mfukoni, Scott LaFaro kwenye besi, Billy Higgins kwenye ngoma. Kulia yupo Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi, Ed Blackwell kwenye ngoma. Kila bendi imewekwa spika yake makusudi. Sasa wewe isikilize kwa zile ihafoni za kuning'inizwa barabarani, ambazo waya umekatikia ndani pale shingoni mwa pini: ukiikunja kidogo sauti inarudi, ukiachia inakwenda zake. Umelipia wapigaji wanane, wamefika wanne, na hakuna wa kumdai.

Balaa kubwa zaidi ni tabia ya kugawana ihafoni na mwenzako kwenye daladala. Yeye kachukua ya kulia, wewe ya kushoto. Kwenye nyimbo nyingine mnasikia kitu kimoja au kinachofanana. Hapa yeye anasikia bendi ya Dolphy, wewe unasikia bendi ya Coleman. Mnafika kituoni, mnaanza kubishana kama mpiga tarumbeta alikuwa mzuri, na wote wawili mnasema kweli, maana mmesikia watu tofauti.

Kuna dawa, lakini nayo ina madhara. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, kipo kitufe cha sauti ya mono. Ukikiwasha, pande zote mbili zinamwagwa kwenye sikio moja, kwa hiyo sikio bovu halikukoseshi mtu. Ila sasa besi mbili zinakanyagana na ngoma mbili zinakuwa bati la mvua. Kile kispika kimoja cha bluetooth nacho hufanya hivyohivyo bila kukuuliza. Ukiwa na spika mbili, ziachanishe kama mita mbili, ukae nyuma kidogo mfanye pembetatu, kisha msikilize Dolphy: klarineti ya besi, sauti nzito ya kama mtu anagombana na pipa tupu. Ikitokea kushoto, umebadilisha waya. Na zile besi zikisikika nyembamba kama zinapigwa chumba cha tatu, angalia nyuma ya spika. Nyaya za upande mmoja zimechomekwa kinyume, nyekundu palipo nyeusi, kwa hiyo spika moja inasukuma wakati nyenzake inavuta, na sauti nzito zinauana hewani kabla ya kukufikia. Watu wameuza spika nzima kwa kosa hilo la sekunde kumi.

Santuri nazo zina usumbufu wake. Upande mmoja wa santuri kubwa unabeba kama dakika 20 kwa raha zake. Ukitaka kuupakia zaidi, mifereji inabanwa, na mifereji ikibanwa lazima sauti ipunguzwe. Kwa hiyo dakika 37 zile za Free Jazz zilikatwa katikati. Moto umewaka, wanane wanaungua, wewe unainuka kwenda kugeuza sahani kama mtu anayegeuza chapati.

Coltrane akaongeza la kwake. Ascension, Juni 28, 1965: watu kumi na mmoja, walipiga mara mbili siku hiyohiyo. Likatoka toleo la kwanza, kisha Coltrane akaona lile la pili ndilo bora, likachapishwa badala yake, jalada lilelile, namba ileile. Tofauti pekee ni maandishi "EDITION II" yaliyokwaruzwa kwenye duara tupu karibu na lebo. Ndiyo maana utamwona mtu mzima dukani ameinamisha santuri chini ya taa, jicho moja kafumba, kama anakagua noti bandia. Usipoona vizuri, tumia sikio: kwenye toleo la kwanza Elvin Jones anapewa nafasi ya ngoma peke yake karibu na mwisho, kwenye la pili hapewi. Tatizo ni kwamba inabidi uisikilize yote kwanza ndipo ujue umenunua ipi, na dukani hawakupi dakika arobaini. Nunua CD yenye zote mbili ulale.

Na nani asemee haya majina? Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa albamu iitwayo Mwandishi, na bendi nzima ilikuwa imejipa majina ya Kiswahili. Yeye Mwandishi. Buster Williams wa besi, Mchezaji. Billy Hart wa ngoma, Jabali, na ukimsikia huna la kupinga. Eddie Henderson wa tarumbeta, Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea chuoni, si utani. Bennie Maupin wakamwita Mwile. Julian Priester wa tromboni, Pepo Mtoto. Pepo Mtoto, jamani! Mtu huyo angetua Tanga na jina hilo, bibi mmoja angeshaanza kutafuta ubani. Lakini ndio Kiswahili chetu hicho, kiko kwenye majalada ya santuri za Marekani tangu wakati huo, na sisi wenyewe hatuna habari. Ufungulie wimbo wa kwanza, "Ostinato," uwaambie wageni wapige makofi. Hesabu yake ni kumi na tano: nane, kisha saba. Kufika mzunguko wa tatu kila mkono uko kwenye nchi yake.

Kununua kwa mtandao kuna faida moja na hesabu nyingi. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, ila kuna Ijumaa maalumu, walizianza Machi 2020, ambazo hawachukui sehemu yao. Wapigaji wa muziki huu wanazisubiri kama mshahara. Sasa Ijumaa hiyo ni ya saa za California. Kwa Afrika Mashariki inaanza saa nne asubuhi, au saa tano wao wakiwa kwenye saa za baridi, na inaishia muda huohuo Jumamosi. Anayeamka usiku wa manane kununua anatoa mchango wake bado ni Alhamisi. Kisha aina ya faili: WAV inakula kama MB 10 kwa dakika. Dakika arobaini ni MB 400, bando la wiki limekwenda kwenye saksafoni inayokohoa. MP3 ya 320 ni kama MB 2.4 kwa dakika, jumla haifiki 100. Kwenye daladala hutaona tofauti. Nyumbani chukua FLAC, inabana faili bila kupoteza kitu.

Matamasha sasa. Kwetu sisi ni ya kutazama kwa mbali. New York wana Vision Festival, tangu 1996, kwa kawaida Juni. Ujerumani kuna Moers, tangu 1972, siku za Pentekoste. Hebu mweleze afisa wa viza dirishani kwamba unasafiri kilomita zote hizo kwenda kumsikiliza mtu akisugua tasa kwa upinde wa fidla. Atakuuliza una ndugu huko.

Ukifanikiwa kufika, usitegemee ukumbi wa dansi. The Stone wa New York, aliouanzisha mpiga saksafoni John Zorn mwaka 2005, tangu mwanzo hauuzi bia wala karanga. Umekuja kusikiliza, sikiliza. Zorn huyohuyo ana tungo iitwayo Cobra, ya 1984, haina noti hata moja: msimamizi anainua kadi za rangi, wapigaji wanaonyesha vidole kuomba zamu, anayetaka kuasi anavaa kitambaa kichwani. Aliyezoea ishara za makondakta wa Kariakoo ataielewa kabla ya profesa.

Masikio yalinde. Kipimo cha usalama ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una robo saa tu. Saksafoni tatu na ngoma mbili kwenye chumba kidogo hazikuulizi. Vile vizibo vya sponji, vivingirishe viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vijae. Watu wanavibandika mlangoni mwa sikio kama pamba ya mafua, halafu wanalalamika havifanyi kazi. Na usikae mbele ya mdomo wa saksafoni. Kaa pembeni, upande wa besi, maana besi ndiyo inayomezwa ya kwanza.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni kupiga makofi. Hakuna kiitikio, hakuna kituo, hakuna "asanteni sana." Mpiga piano akiingiza kichwa ndani ya piano na kuanza kukwaruza nyuzi kwa parafujo, usimtafutie fundi, ndiyo sehemu ya pili hiyo. Kanuni ni moja: tazama mikono, usisikilize. Ukimya si mwisho, ukimya wanaupiga kama chombo kingine. Mwisho ni pale saksafoni inaposhuka kifuani na mabega yanalegea. Anayewahi anageukiwa na ukumbi mzima.

Kwa hiyo tunasubiri. Bango lilisema mlango saa moja, muziki saa mbili, sasa ni saa tano kasoro, basi la mwisho linaondoka saa tano na dakika tano. Kimya kimeingia. Mpiga besi kaganda na upinde hewani. Saksafoni imeanza kushuka, taratibu, imefika tumboni, mtu wa safu ya mbele keshatenganisha viganja. Ndipo friji la baa, nyuma kabisa, linapojiwasha lenyewe na kuanza kunguruma. Mpiga saksafoni anageuza shingo. Anasikiliza. Anainua chombo, anatafuta sauti ileile ya friji, anaipata, na mpiga ngoma anatabasamu na kuokota brashi.