Elfu mbili za mzee Dieng: filamu bora ya Sembène ni ipi?

Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipokusanya kura za wahakiki kutafuta filamu 100 bora za wakati wote, Ousmane Sembène wa Senegal aliingia na filamu moja tu: La Noire de... ya mwaka 1966, iliyogawana nafasi ya 95 na nyingine kadhaa. Kwa wengi mjadala uliishia hapo. Muulize mpenzi wa sinema za Kiafrika aanze na kazi ipi ya mzee huyu, atakutajia hiyo. Muulize ipi ni bora, atakutajia hiyo hiyo. Wapo watakaobisha kwa Ceddo, na wengine kwa Moolaadé. Mandabi, iliyotoka miaka miwili tu baada ya La Noire de..., hutajwa mwisho, kama kichekesho kizuri cha kupitishia jioni.

Mimi naona Mandabi imedhulumiwa. Lakini kabla sijaitetea, tuipe ile nyingine haki yake, maana inayo.

Diouana, binti wa Dakar, anavuka bahari kwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, akijua anakwenda kulea watoto kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Anafika, hakuna watoto wa kulea. Kuna jiko, sakafu na bafu. Ufaransa yote kwake inakuwa vyumba vichache vya fleti moja, na kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Sembène hakuhitaji zaidi ya hapo. Ndani ya saa moja hivi, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, anamfikisha binti yule kwenye beseni la kuogea na wembe. Kisha bwana anarudi Dakar na sanduku, kinyago na pesa za mshahara. Mama anazikataa pesa. Mtoto anakivaa kinyago na kumfuata yule bwana nyuma, hatua kwa hatua, hadi anaikimbilia gari. Sijui mwisho mwingine wa filamu wenye nguvu kiasi hicho kwa vitu vichache namna hiyo. Ilipata tuzo ya Jean Vigo kule Ufaransa na Tanit ya dhahabu kwenye tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia, na zote mbili ilizistahili.

Tatizo langu nalisikia masikioni. Diouana hajui kusoma wala kuandika, na Kifaransa chake cha mdomoni ni cha "ndiyo bwana, ndiyo bibi". Lakini moyoni mwake, muda wote wa filamu, anawaza kwa Kifaransa sanifu, kwa sauti ya mwigizaji mwingine kabisa, Toto Bissainthe wa Haiti. Wanaoitetea husema hiyo ndiyo maana yenyewe: binti amenyang'anywa hata lugha ya kuwazia. Ni hoja nzuri, na kuna siku huwa naikubali. Ila nikiitazama tena naona jambo la kawaida zaidi, yaani masharti ya pesa za Wafaransa. Sembène mwenyewe alikuwa anakijua kidonda hicho. Alikuwa mpakia mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, na wengi wetu huku Afrika Mashariki tulimjua kwanza kwa ile ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger, tuliyoisoma kwa Kiingereza. Aliporudi nyumbani akaona kwamba watu aliowaandikia hawawezi kumsoma. Ndiyo sababu akiwa na umri wa karibu miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza sinema, na ndiyo sababu baadaye aliiita sinema shule ya jioni. Sasa shule ya jioni inayofundisha kwa Kifaransa, mwanafunzi wake nani?

Mandabi ndiyo iliyojibu. Ni filamu yake ndefu ya kwanza ya rangi, na ya kwanza aliyowaacha watu wa Dakar waseme Kiwolofu chao. Hata jina limejaa lugha hiyo. Mandat ni neno la Kifaransa, hawala ya posta. Kiwolofu kikalipachika bi nyuma kama kinavyopenda, likawa mali yake. Ni kama sisi tulivyochukua kitabu kwa Waarabu, tukakipa wingi wa vitabu.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Mzee Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto tele. Abdou, mpwa wake anayefagia barabara Paris, anamtumia hawala ya faranga 25,000. Ili azichukue posta anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe, na tarehe yeye haijui. Kitambulisho kinataka pia picha, na mpiga picha anazila pesa bila kutoa picha. Dirisha hili linamtuma kwenye dirisha lile. Wakati huohuo mtaa mzima umeshasikia: wakopeshaji wanabisha hodi, jirani anataka mchele, ombaomba anataka sadaka, na mwenye duka anauona mlango wa kumvutia mzee kwenye deni kubwa zaidi. Mwishoni anampa hati ya uwakala ndugu yake Mbaye, msomi mwenye suti na gari, amchukulie. Mbaye anazichukua kweli, zote. Mzee anaambulia gunia la mchele.

Hapa pana hesabu ambayo wengi huipita haraka, nami nimekaa nayo miaka. Zile 25,000 si za Dieng. Barua ya Abdou imezigawa waziwazi: 20,000 amwekee akiba, 3,000 ampe mama yake Abdou, na 2,000 ndizo za mjomba. Elfu mbili! Kwenye kila 100 ya fedha ile, mzee ana 8. Kila nauli anayolipa, kila stempu, kila anayemwomba na yeye asiyeweza kusema hapana mbele za watu, kila kilo ya mchele ambayo wake zake wameshaikopa dukani kwa kutegemea hawala, vyote vinaila ile elfu mbili. Kabla hatujafika katikati ya filamu ameshatumia zaidi ya anachokifukuzia. Haachi, kwa sababu hawezi kuacha. Ile 20,000 ni amana ya kijana wa watu, na dada wa mzee, mama yake Abdou, ameshafika kutoka kijijini kudai 3,000 zake. Wanaomcheka Dieng kwamba ana tamaa hawajaipiga hesabu hiyo. Mzee huyu anafilisika kwa uaminifu. Ameshikiwa mali ya mwingine mikononi mwa serikali, na serikali inamwambia athibitishe kwanza kwamba yeye yupo.

Mwaka juzi niliitazama na shangazi yangu, mama wa miaka 71 asiyesoma Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya chini ya kioo nilimsomea kwa Kiswahili moja baada ya jingine, kama madijei wa vibanda umiza wanavyofanya na filamu za Kihindi. Filamu inaanza na kinyozi chini ya mti. Anamnyoa mzee kichwa, kisha anaingiza wembe puani, anazungusha, na kamera imesogea karibu kiasi kwamba unaona kila unywele. Shangazi alicheka mpaka akashika shavu. Alicheka tena mzee aliposhiba akacheua. Tulipofika kwenye cheti cha kuzaliwa alinyamaza, akaweka kikombe chini. Yeye kwenye kitambulisho chake ameandikiwa alizaliwa tarehe 1 Julai. Haijui siku aliyozaliwa. Anajua ilikuwa mvua za vuli na bibi yake alikuwa hai. Karani alitaka tarehe, akampa tarehe. Aliniuliza, "Yaani yote haya ni kwa elfu mbili?" Nikamwambia ndiyo, shangazi. Akasema turudishe nyuma, aisikie tena ile barua.

Nataja jambo hilo kwa sababu ubora wa filamu huwa tunaupima kwa macho ya wahakiki, na kwa macho hayo La Noire de... inashinda bila shaka. Imekazwa, haina picha ya ziada. Mandabi imelegea. Inatangatanga kama mzee mwenyewe, inarudia madirisha yaleyale, na ule mwisho ambapo tarishi Bah anamwambia mzee kwamba nchi itabadilishwa na wewe, wake zako, watoto wako na mimi, wengi wanauona ni hotuba. Kuhusu hotuba wana haki, mimi mwenyewe ningeikata. Kuhusu kulegea sikubaliani nao. Foleni haiwezi kukazwa. Ukimfupishia mtazamaji njoo-kesho, umemwibia kitu ambacho Dieng hakusamehewa. Kurudiarudia ndiko kunakouma.

Na Sembène hakumpamba mzee wake. Dieng ana majivuno, anawafokea wakeze, anaamini kanzu pana na salamu ndefu zitamfungulia milango. Wake hao, Méty na Aram, wanaiona dunia vizuri kuliko yeye. Diouana tunamhurumia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huruma hiyo ni nyepesi kwetu, maana mkosaji ni mzungu wa Antibes. Kwenye Mandabi wezi wote ni ndugu, jirani, karani wa kwetu, miaka minane tu baada ya uhuru wa 1960. Kuiangalia kunahitaji moyo mwingine.

Hoja ngumu dhidi yangu ni kwamba Mandabi nayo ilipata pesa za Wafaransa, na ilipigwa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa. Kwa hiyo sio kweli kwamba Sembène alikuwa ameshajikomboa. Nakubali. Lakini toleo lililoishi ni la Kiwolofu, na baada yake hakurudi nyuma: Emitaï akaipiga kwa Kidiola, Ceddo kwa Kiwolofu, Moolaadé kwa Kibambara. Na Mandabi ilitangulia, miaka tisa kabla Ngũgĩ wa Thiong'o hajapeleka tamthilia yake ya Kikikuyu jukwaani Kamirithu.

Kuhusu Ceddo, ni filamu kubwa, na serikali iliyoipiga marufuku kwa kisingizio cha herufi d mbili kwenye jina iliipa sifa ambayo hakuna tuzo ingeipa. Ila watu wake wamesimama kama nguzo za hoja. Moolaadé ya 2004, aliyoifanya akiwa amepita miaka 80, inanikaribia zaidi. Rundo la redio za wanawake linaloungua mbele ya msikiti silisahau. Ningeiweka ya pili.

Usiku ule shangazi aliniuliza kama mzee yule alifanya nyingine. Nikamsimulia ya Diouana, meli, fleti, kinyago na mama aliyekataa pesa. Alisikiliza kimya, akaniambia niitafute tuione. Kisha akauliza, "Na huyo binti anasema lugha ile ile ya mzee Dieng?" Nikamjibu hapana, anasema Kifaransa, na sauti ni ya mwanamke mwingine. Akafikiri kidogo. "Basi utanisomea mawazo yake pia," akasema.