Mimba ya Mkononi

"Ultrasaundi? Kwani mama ana mimba?"

Dada wa mapokezi akacheka, foleni nzima ikamfuata. Shangazi yangu, miaka 61, fundi cherehani tangu enzi za Mwalimu, hakucheka. "Kama ipo, mwanangu, basi iko mkononi."

Wiki nzima nimetembea na hasira hiyo. Miaka miwili shangazi anaamka usiku wa manane akikung'uta kiganja kama aliyeungua, vidole vitatu vimekufa ganzi. Miaka miwili anameza vitamini B. Jirani ameshatangaza kwamba karogwa na fundi mwenzake. Na muda wote huo mashine imekaa chumba cha pili, inangoja wajawazito!

Mshipa wa fahamu unaonekana kwa ultrasaundi, jamani. Unaonekana, vitobo vitobo kama sega la nyuki. Ukibanwa pale kwenye kifundo cha mkono, huvimba kabla haujapenya kuingia kiganjani. Ukizidi milimita za mraba 10 hivi, wataalamu huanza kushuku. Wa shangazi, tulipompata kijana mmoja anayejua kuutafuta, ulikuwa 17. Dakika kumi, bila sindano.

Misuli nayo haijifichi. Mwaka 1980, kule London, John Heckmatt na Victor Dubowitz walionesha kuwa misuli ya watoto wenye maradhi ya kudhoofika misuli hung'aa nyeupe kwenye skrini, mahali ambapo misuli mizima huwa myeusi. 1980! Shangazi alikuwa bado kigoli.

Kinachotakiwa ni kichwa cha mashine kilichonyooka, cha megahezi 10 na kuendelea, si kile kilichopinda cha tumboni. Jeli ni ile ile. Halafu mikono iliyofundishwa, na hapo ndipo tulipolala usingizi wa pono. Wagonjwa wa ukoma, ambao mshipa wa kiwikoni huwanenepea, hata sijawagusa.

Haya, nakubali shingo upande: ultrasaundi haikwambii umeme unapitaje ndani ya mshipa, hiyo ni kazi ya kipimo cha umeme na sindano. Mishipa iliyojificha nyuma ya mifupa nayo haiioni. Sawa. Hicho kipimo cha sindano kiko hospitali gani ya wilaya, nimpeleke kesho?

Shangazi sasa analala na kifaa cha kunyoosha kifundo cha mkono. Picha yake aliiomba, kaitia kwenye pochi. Juzi kamwonesha yule jirani, naye kaigeuza mara mbili, kauliza kichwa kiko wapi.