Ndizi mbili na nyuki elfu hamsini

Kustaafu ni raha jamani, ila hakuna aliyeniambia kwamba siku ya kiangazi inakuwa ndefu kiasi hiki. Wiki ya kwanza nikapaka rangi uzio. Wiki ya pili nikaupaka tena maana mama watoto alisema ile rangi inafanana na dawa ya kikohozi. Wiki ya tatu nikaanza kumpangia upya makabati ya jikoni, hapo ndo akanishika mkono akaenda kuniandikisha kozi ya ufugaji nyuki, na yeye akajiandikisha, nadhani ili ahakikishe kweli natoka nyumbani.

Kwenye kozi yeye anaandika kila neno, mimi nachora mzinga pembeni ya daftari. Kuna mambo mwalimu alisema nimekuja kuyajua baadaye sana, na kwa gharama. Mfano ule moshi wa kupuliza kwenye mzinga kabla ya kuufungua. Mimi nilijua unawalewesha nyuki, kumbe kazi yake ni kuficha harufu ya hatari wanayopeana, halafu pia wakiusikia wanadhani moto unakuja kwahiyo wanakimbilia kula asali wajaze tumbo kabla ya safari, na nyuki aliyeshiba hana muda na wewe.

Sasa kijiji chetu ni kidogo, nusu yetu wastaafu, na kiangazi kuna kwaya ya wazee inafanya mazoezi jioni chini ya mti mkubwa pale ukumbini, hatua kama mia hivi kutoka kwenye mzinga wetu. Siku hiyo mama watoto akaenda kwaya, akaniachia amri mlangoni.

"Mzee, mzinga usiuguse mpaka nirudi."

"Sawa mama."

Sawa ya mume mstaafu ni kama sahihi ya kupokea barua, inaonyesha imekufikia tu, si kwamba umekubali yaliyomo.

Nikala ndizi mbili za kutia nguvu, nikajipangusa vidole kwenye glavu, nikavaa ile ovaroli nyeupe na kofia yenye neti, nikafunga zipu. Zipu ya shingoni ikagoma mwishoni ikaacha kauwazi ka kidole gumba, nikajisemea nyuki mwenyewe mdogo vile atakaonea wapi haka. Bomba la moshi nililijaza majani mabichi, likakohoa mara mbili likazima. Mtu mwenye akili angerudi ndani. Mimi nikafunua mfuniko.

Mzinga wenye afya kiangazi unaweza kuwa na nyuki hata elfu 50, na wote wana sauti moja nzuri tu, vuuuu, kama friji ya zamani. Mimi nikainamia nikiwasalimia kabisa, "habari zenu wanangu", kwa pumzi yangu ya ndizi mbili. Ile vuuu ikapanda. Ikawa ziiiii. Wa kwanza akanipata kifundo cha mguu juu ya soksi, na kabla sijamaliza kusema alichonifanya nikaona mwingine anatembea mbele ya macho yangu, karibu sana, nikawa najiuliza mbona huyu mkubwa hivi, kumbe yuko upande wangu wa neti.

Nyuki akishaingia ndani hiyo neti si kinga tena, ni chumba mmepanga wawili na mwenzio ana silaha.

Nikatoka mbio. Nyuki anaruka kama kilometa 24 kwa saa, mimi na goti langu hizo hata kwenye mteremko sizifiki, na akili ikaniambia mkimbilie mke wako. Kwahiyo kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa taratibu kabisa pale ilipoona kitu cheupe kinakuja kwa kasi, mikono juu, kinapiga kelele, na nyuma yake kawingu. Yule mzee wa sauti ya besi ambaye kila mkutano anataka kiti chenye mto kwa sababu ya mgongo, aliruka benchi. Nimeona kwa macho yangu, alilirukaaa na akawa wa kwanza kufika mlangoni mwa ukumbi. Fimbo yake ilibaki imesimama peke yake imeegemea mti.

Mama watoto hakukimbia. Alinidaka shingoni, akanivuta mpaka stoo ya ukumbi, akafunga mlango, akafungua neti, yule mpangaji akatoka. Halafu akasogeza pua yake kwenye mdomo wangu akanusa, kitu ambacho hajafanya tangu enzi zile nachelewa kurudi.

"Umekula ndizi?"

"Mbili."

Akakaa juu ya ndoo. Kumbe, na hii ipo kwenye daftari lake imepigiwa mstari, ile harufu ya hatari ambayo nyuki wanapeana ili washambulie kwa pamoja, inanukia kama ndizi mbivu. Yaani mimi nilikuwa nimeinama juu ya nyumba ya watu napuliza king'ora.

Akaanza kunitoa miiba kwa ukucha, anaikwangua haraka haraka maana mwiba unabaki na kifuko chake cha sumu kinaendelea kusukuma, na kila mmoja anauhesabu kwa sauti ili wote walioko nje ya mlango wasikie. Ilikuwa tisa. Wa tisa sitasema ulikuwa wapi ila kwaya nzima inajua.

Bahati mwili wangu haukuvimba vibaya, ni sikio tu lilikaa siku mbili kama la tembo. Sasa hivi mzinga ni wake, mimi nimepangiwa kushika bomba la moshi nikiwa nimesimama upande wa pili wa uzio. Kwaya wameniambia wamesamehe. Ila juzi kwenye mazoezi nikatoa ndizi kwenye begi nikaanza kuimenya taratibu, nikaona benchi zima linasimama.