Hamri Mbili Tu

Mwacheni mwenye ngiri alalamike. Yangu niliipata kwa kuinua kizingiti cha mbambakofi peke yangu, kwa kuwa mwanafunzi wangu wa uchongaji milango alikwenda kununua kredi ya simu akarudi adhuhuri. Ningepasuliwa hapa hapa Lamu yakaisha. Mwanangu aliye Mombasa akakataa: "Baba, njoo huku, madaktari bingwa wote wako jumba moja."

Haya. Mashua hadi Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi, hata mgongo ukawa msumeno.

Ukutani mwa jumba kuna ubao: ghorofa ya 1 mifupa, ya 2 masikio, pua na koo, ya 3 njia ya mkojo, ya 4 tumbo. Hapo nilisimama sana, maana ngiri yangu iko mpakani. Inaanzia tumboni ikateremkia mahali ambapo sipataji, barazani kuna watu wa heshima. Nikapanda ya 3, nikalipa. Kijana safi, akanibonyeza, akaniambia kohoa. Nikakohoa. "Mzee, hii ni ya ghorofa ya 4." Nikapanda, nikalipa tena, nikakohoa tena. Kikohozi kile kile!

Kisha hesabu. Mpasuaji na bei yake, wa dawa ya usingizi na yake, chumba na yake. Hata wavu wa kuziba tundu la ngiri una bei yake, tena wavu wenyewe kiganja, nami nimezaliwa kwa wavuvi! Mimi nikiuza mlango, nauza mlango. Simwandikii mtu fremu mbali, komeo mbali, na aliyeushika usianguke mbali.

Siku yenyewe wamenivisha kanzu iliyo wazi mgongoni, ukigeuka umeaibika. Akaja yule wa usingizi.

"Mzee, umekula?"

"Sijala."

"Hata chai?"

"Chai na hamri mbili tu. Si kula huko, mwanangu, ni kufungua kinywa."

Mbaazi sikuzitaja.

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba ukilazwa kwa dawa, koo nalo hulala. Kilichomo tumboni kikipanda chaweza kuingia mapafuni. Chakula chepesi kiwe kimeliwa muda wa saa 6 kabla, na cha mafuta kama hamri zaidi ya hapo. Maji matupu ndiyo huruhusiwa hadi muda wa saa 2 kabla. Nilimwelewa. Tena ndiye pekee mle ndani aliyesema nami bila kunitaka nikohoe. Lakini shemeji yangu niliyelala kwake angeambiwa na nani? Karatasi ya masharti ilikuwa ya Kiingereza, akaifungia hamri.

Nikavuliwa kanzu, nikarudi na ngiri yangu.

Wamenipa Ijumaa ijayo, nisile kuanzia Alhamisi usiku. Na Alhamisi hiyo hiyo jirani anaoza binti. Nimeshawaona mbuzi wawili, wamefungwa dakani, mbele ya mlango niliouchonga mimi.